Hina Iliyokolea Haitaki Haraka

Na Bibi Shamba wa Kata, Mwanza

Ndugu msomaji, kazi yangu ni kilimo. Nilipata cheti changu cha kilimo, nikaletwa huku kando ya ziwa. Kila siku nazungumza na wakulima juu ya pamba, mahindi, mihogo na mbogamboga. Leo nitazungumza juu ya hina. Utauliza, hina na bibi shamba wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Hina ni jani la mti. Jani la mti ni kazi ya bibi shamba. Tena nina deni. Nitakueleza deni hilo.

HARUSI YA BINTI WA KAKA YANGU

Miaka kadhaa iliyopita, binti wa kaka yangu aliolewa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Ijumaa jioni akina mama walikusanyika kumpaka hina. Walichukua unga wa hina uliokaa dukani muda mrefu. Walikoroga kwa maji ya kisima. Hapo hapo wakampaka. Baada ya saa moja wakamwosha kwa sabuni.

Rangi ilikuwa ya chungwa. Akina mama wakacheka. Mmoja akasema, "Bibi harusi huyu amekamua machungwa?" Binti akaanza kulia. Akanishika mkono, akasema, "Shangazi, nisaidie."

Mimi nilitoa fedha mfukoni. Nikamtuma mtoto dukani kununua piko. Piko ni ile dawa nyeusi ya kupaka nywele. Akina mama waliikoroga, wakachora maua juu ya maua ya kwanza. Kabla ya saa moja kwisha, maua yalikuwa meusi kama masizi. Wote tulifurahi. Binti naye alifurahi.

Jumamosi usiku mikono ilianza kuwasha. Jumapili ilivimba. Jumatatu ilitoka malengelenge yenye maji. Bibi harusi hakuweza kushika kijiko. Mume wake alimpeleka zahanati. Alipona baada ya wiki nyingi. Lakini makovu yalibaki, na yalikuwa na umbo la maua yale yale.

Mganga alimwuliza kama aliwahi kupaka piko. Alijibu kwamba alipaka mara moja, katika harusi ya rafiki yake. Siku ile hakuumia. Mganga akasema ndivyo ilivyo. Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza. Mara ya pili unakataa. Ukishakataa, hukataa maisha yote.

Hilo ndilo deni langu. Mimi nilitoa fedha ya piko. Nilikuwa najua mambo ya majani, lakini sikusema neno. Kwa hiyo leo nasema.

HINA NI NINI?

Hina ni unga wa majani ya mhina. Mhina ni mti mdogo wenye majani madogo na maua yanayonukia vizuri. Watu wa Misri, Uarabuni, India na Sudani wametumia hina tangu zamani. Kwetu Afrika Mashariki, desturi hii ni ya pwani: Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Lamu. Kule bibi harusi hupakwa hina mikononi na miguuni. Wengine hupaka siku za Idi. Wazee wengine hupaka ndevu.

Watu wa pwani na Waarabu walifika ziwani kwetu zamani. Katika karne ya 19 walikuwa na kituo cha biashara Kageye, katika wilaya ya Magu ya leo. Siku hizi hina si ya watu wa pwani peke yao. Mwanza mjini, Sengerema, Magu na Ukerewe, mabibi harusi wa dini zote hupaka hina.

KWA NINI HINA HUSHIKA NGOZI?

Ndani ya jani la mhina kuna rangi. Wataalamu wanaiita lawsoni. Rangi hiyo ni kidogo sana. Katika gramu 100 za majani makavu, lawsoni ni kama gramu 1 tu. Tena imefungwa ndani ya jani. Haitoki upesi. Kitu chenye uchachu kidogo, kama ndimu, husaidia kuifungua. Lakini hata ndimu inahitaji muda.

Rangi ikitoka huingia katika ngozi ya juu, ikashikana nayo. Ngozi ya juu ni ngozi iliyokwisha kufa. Kila siku inapukutika kidogo kidogo. Ndiyo maana hina haifutiki kwa sabuni siku moja, lakini baada ya wiki moja hadi tatu inakwisha. Rangi haiondoki peke yake. Inaondoka pamoja na ngozi.

Sasa utaelewa kwa nini kiganja na unyayo hukolea sana. Ngozi yake ni nene. Mgongo wa mkono una ngozi nyembamba, na rangi yake huwa hafifu. Kucha hukaa na hina muda mrefu zaidi. Ukucha wa mkono unahitaji kama miezi sita kukua wote.

HATUA ZA KUPATA RANGI NZITO

Hatua ya kwanza: Chagua unga mzuri.
Unga mzuri una rangi ya kijani na unanukia kama majani makavu. Unga wa zamani una rangi ya kahawia. Huo umechoka. Usinunue. Ukifika nyumbani, weka unga katika chombo kikavu chenye kifuniko. Weka mahali pasipo na jua.

Hatua ya pili: Chekecha.
Pitisha unga katika kitambaa chepesi. Vijiti na chenga huziba tundu la kuchorea.

Hatua ya tatu: Koroga kwa ndimu.
Chukua unga kikombe kimoja. Kamulia maji ya ndimu au limau. Koroga mpaka upate uji mzito. Tia sukari vijiko viwili vya chai. Sukari hufanya hina ishike ngozi na isikauke upesi. Wengine huongeza chai ya rangi iliyopoa. Huko pwani wengine hutia mafuta ya karafuu ili rangi izidi. Ukitaka kuyatia, tia matone machache tu, kwa sababu yanawasha. Mtoto na mama mjamzito wasitiwe. Usitie mafuta ya taa wala petroli hata kidogo.

Hatua ya nne: Iache ilale.
Funika bakuli. Liweke mahali penye joto, lakini si juani. Liache saa 8 hadi 12. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Kukoroga na kupaka hapo hapo ni sawa na kula ugali kabla haujaiva.

Utajuaje kwamba imeiva? Fungua bakuli. Hina ya juu imekuwa ya kahawia. Ukichimba kwa kijiko, ndani bado ni ya kijani. Hiyo ni dalili njema. Weka tone moja kiganjani. Baada ya dakika chache lifute. Ukiona alama ya chungwa, hina iko tayari.

Hatua ya tano: Safisha ngozi.
Osha mikono na miguu kwa sabuni. Sugua unyayo kwa jiwe. Kausha. Usipake mafuta wala losheni kabla ya hina. Mafuta huzuia rangi kuingia.

Hatua ya sita: Paka, kisha ngoja.
Chora kwa njiti, au kwa nailoni iliyokunjwa kama karatasi ya karanga. Paka hina iwe nene kidogo. Ikianza kukauka, ilowanishe kwa pamba yenye ndimu na sukari. Usiitie maji mengi, itachuruzika. Kisha funga kwa kitambaa safi. Joto la mwili huleta rangi. Kaa nayo saa 6 hadi 8. Ukiweza, lala nayo.

Hatua ya saba: Kwangua, usioshe.
Asubuhi usikimbilie maji. Kwangua hina kavu kwa kisu butu au kwa kucha. Iliyobaki sugua kwa mafuta ya kula. Kaa siku nzima bila kugusa maji, kama unaweza. Waache wengine wakupikie na wakuoshee vyombo. Ni haki ya bibi harusi!

Hatua ya nane: Subiri siku mbili.
Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Unapokwangua hina, rangi huwa ya chungwa. Usiogope. Rangi haijamaliza kazi yake. Inaendelea kupata hewa na kugeuka. Kesho yake itakuwa nyekundu ya udongo. Siku ya pili itakuwa ya kahawia iliyokolea. Binti wa kaka yangu alilia kwa ajili ya rangi ambayo ingekolea zaidi kama angengoja.

KALENDA YA BIBI HARUSI

Kama harusi ni Jumamosi, fanya hivi:

Jumatano asubuhi: koroga hina, funika.
Jumatano usiku: paka, funga, lala nayo.
Alhamisi asubuhi: kwangua. Usiguse maji.
Ijumaa: pumzika. Paka mafuta kidogo.
Jumamosi: rangi imekolea. Nenda kaolewe.

KUITUNZA RANGI

Rangi ya hina ina adui wanne: maji mengi, sabuni kali, mchanga na kusugua. Kabla ya kuoga au kufua, paka mafuta ya nazi au ya alizeti juu ya maua. Mafuta huzuia maji. Usisugue maua kwa dodoki.

Najua dada zangu wa mwaloni watasema, "Bibi shamba, sisi tunaanika dagaa. Mikono yetu iko majini na mchangani kila siku." Ni kweli. Nimewaona mwaloni Kayenze na Igombe. Hina yao ya mkononi haimalizi wiki.

Kwenu nina mashauri mawili. La kwanza, pakeni miguu na kucha. Mguu hausugui dagaa. La pili, angalieni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, hawaendi ziwani siku kadhaa. Siku hizo ndizo zenu. Koroga, paka, ngoja siku mbili. Wavuvi wakirudi ziwani, rangi itakuwa imekwisha kushika.

JIHADHARI NA PIKO

Sasa nisikilize vizuri. Hina ya kweli haiwi nyeusi papo hapo. Ukiona mtu anapaka kitu kikawa cheusi chini ya saa moja, hiyo si hina. Ni piko, au ni hina iliyotiwa piko.

Ndani ya piko kuna dawa ya viwandani. Kwa kifupi inaitwa PPD. Ilitengenezwa kwa kupaka nywele. Hata kwenye nywele, nchi za Ulaya zimeweka kipimo: isizidi sehemu 2 katika sehemu 100. Kwenye ngozi hawairuhusu kabisa. Serikali ya Marekani nayo huwaonya watu wake juu ya hina nyeusi.

PPD inaweza kuleta muwasho, uvimbe, malengelenge na makovu. Mtu aliyedhurika mara moja anaweza kudhurika tena hata akipaka dawa ya nywele nyeusi uzeeni. Mtu akiimeza, koo huvimba na figo huharibika. Anaweza kufa. Kwa hiyo usiiache mahali ambapo watoto wanafika.

Jihadhari pia na hina ya kukorogwa inayouzwa ndani ya mirija. Hina mbichi ya ndimu huharibika baada ya siku chache katika joto letu. Kama mrija umekaa dukani miezi mingi na bado unatoa rangi, jiulize umetiwa nini.

Kama mtu amepakwa piko na ngozi inawasha, fanya hivi. Osha kwa maji mengi na sabuni. Usitumbue malengelenge. Usipake majivu wala dawa ya meno. Nenda zahanati upesi. Kama uso au midomo inavimba, au anapumua kwa shida, nenda hospitali saa ile ile.

WATOTO WACHANGA WASIPAKWE

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Hata hina safi inaweza kumdhuru mtoto mchanga. Watu wengine huzaliwa na upungufu katika damu unaoitwa G6PD. Hali hii ipo kwa wingi katika nchi zenye malaria, kama huku kwetu ziwani. Huwapata zaidi wavulana. Kwa nje mtoto anaonekana mzima. Akipakwa hina mwili mzima, chembe za damu zinaweza kupasuka. Macho yanakuwa ya manjano. Mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi. Mtoto anaishiwa damu. Ukiona dalili hizo, mkimbize hospitali.

Basi usimpake hina mtoto mchanga, hata kama bibi anasema ni desturi. Mwenye upungufu huo, hata mtu mzima, asipake. Wala mtu yeyote asinywe hina.

PANDA MHINA WAKO

Unga mzuri kuliko wote ni ule uliouona tangu jani. Mhina unapenda joto na jua. Unavumilia ukame. Ardhi yetu ya kichanga, ambayo Wasukuma huiita luseni, inaufaa. Usiupande mbugani ambako maji hutuama.

Njia rahisi ni kupanda vipande vya matawi. Kata tawi lililokomaa, lenye urefu kama shubiri moja. Lichomeke katika udongo wenye mchanga na mbolea, kivulini. Mwagilia. Likichipua vizuri, lipeleke shambani mvua za Novemba au Desemba zinapoanza. Mbegu pia zinafaa, lakini huota polepole. Zilowanishe siku chache kabla ya kusia, na ubadilishe maji kila siku. Unaweza kupanda mihina mstari mmoja, ikawa ua wa nyumba.

Mwaka wa kwanza uache mti ukue. Kuanzia mwaka wa pili au wa tatu unaweza kuvuna majani vizuri. Vuna siku kavu. Anika kivulini, juu ya mkeka au chekecheke. Jua kali huharibu rangi. Majani yakivunjika mkononi, twanga katika kinu kikavu, kisha chekecha. Andika tarehe juu ya chombo. Kusoma na kuandika kuna faida hata kwenye hina.

Kikundi cha akina mama kinaweza kupanda mihina, kutwanga na kuuza unga mpya kijijini. Mnunuzi atajua umetoka wapi. Hatabahatisha.

HARUSI YA PILI

Mwaka jana mdogo wake yule binti aliolewa. Yule dada mwenye makovu ndiye aliyekoroga hina. Unga ulitoka kwenye mhina uliopandwa karibu na bafu la mama yake. Alikoroga Jumatano asubuhi. Yeye mwenyewe hakupaka. Alisema mikono yake imepata maua ya kutosha.

Alhamisi rangi ilikuwa ya chungwa. Akina mama wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Leteni piko kidogo." Yule dada hakujibu. Alinyosha mikono yake mbele yao. Wakaangalia makovu. Nyumba nzima ikanyamaza.

Jumamosi asubuhi viganja vya bibi harusi vilikuwa vya kahawia iliyokolea, kama kahawa. Mama yule yule aliyetaka piko aliuliza, "Mmetia dawa gani?" Yule dada akamjibu, "Mama, tumetia siku mbili."

Ndugu msomaji, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wasomee jirani zako makala hii. Wasomee hasa akina mama wenye mabinti wa kuoza. Deni langu siwezi kulilipa lote. Nimelipa sehemu. Nisaidie kulipa iliyobaki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini hina hukolea zaidi kiganjani kuliko mgongoni mwa mkono?
2. Hina ikorogwe saa ngapi kabla ya kupaka? Utajuaje kwamba iko tayari?
3. Harusi ni Jumapili. Utakoroga hina siku gani?
4. Utaitambuaje hina iliyotiwa piko?
5. Ni nani wasiopaswa kupakwa hina? Kwa nini?
6. Katika kijiji chenu, mhina unaweza kupandwa wapi?